Sibasi ni wa nani? Mhadhara kuhusu samaki anayegombaniwa na wavuvi wa kazi na wavuvi wa starehe

Asanteni kwa kuja, wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari zenu. Leo tunaongelea samaki mmoja tu, sibasi wa Ulaya, kisayansi Dicentrarchus labrax, yule mweupe wa kung'aa ubavuni na mgongo wa kijivu, ukienda hoteli kubwa unamkuta kwenye menyu na bei imechangamka. Najua wengi mliowahi kumla mmekula wa kufugwa, wa Uturuki au Ugiriki, huyo tumwache. Mimi naongelea wa baharini mwenyewe, anayevuliwa kusini mwa Uingereza, Wales, Ireland, mpaka Ufaransa kaskazini. Huyu anagombaniwa na watu wa aina mbili na wote wana haki: kuna mvuvi wa kazi, samaki ndiyo ada ya shule ya watoto wake, na kuna mtu wa mshipi anayesimama ufukweni Jumamosi na fimbo yake, starehe tu, na akipata mmoja wa kitoweo anafurahi. Msimamo wangu nausema mapema ili msihangaike kuutafuta. Wote waandikwe kwenye hesabu moja, na kanuni ya kwanza iwe kwamba samaki azae walau mara moja kabla hajaingia kwenye ndoo ya mtu yeyote.

Kwa nini nasisitiza kuzaa, ni kwa sababu sibasi anakua taratibu mno. Jike anapevuka akiwa na urefu wa kama sentimita 42, hapo ana miaka kama sita hivi, dume anawahi kidogo. Akiachwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Majira ya baridi kuelekea masika wanaondoka pwani wanakwenda kukusanyika maji ya mbali, English Channel huko, ile bahari iliyo kati ya England na Ufaransa, wanazaa, halafu watoto wanasukumwa na maji mpaka kwenye midomo ya mito na ndiko wanakolelewa miaka yao ya mwanzo. Mwaka wa maji ya uvuguvugu watoto wengi wanapona, baridi ikiwa kali wanakufa wengi, hilo hakuna serikali inayoweza kulipangia. Na jambo jingine, wanasayansi waliwavisha alama wakawafuatilia, wakakuta sibasi mkubwa ana tabia ya kurudi sehemu ileile ya malisho kila kiangazi. Sasa fikirieni maana yake: mkimaliza samaki wa mwamba fulani mmewamaliza wa pale, msitegemee wa jirani watahamia kesho yake kujaza nafasi.

Haya, tuje kwenye sheria, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo penye mzizi wa mambo yote. Kuanzia 1990 kipimo cha chini cha kuvua kilikuwa sentimita 36. Thelathini na sita! Mpasue jike wa urefu huo muangalie ndani, mtakuta vifuko vya mayai viwili vyembamba vimelala kando ya uti wa mgongo, bado kabisa, hajawahi kuzaa na msimu huo hazai. Huyo kisheria alikuwa halali, anapimwa, anawekwa kwenye barafu, anauzwa. Hali hiyo ikaenda kwa miaka 25, mpaka Septemba 2015 ndipo kipimo kikapandishwa kuwa 42. Watu wa mshipi wengine walikuwa wanalipigia kelele hilo miaka mingi na walikuwa sahihi kabisa, nasema hivyo bila kuuma maneno. Wale mliotoka Kanda ya Ziwa hili mnalijua, sangara aliwekewa sentimita 50 hadi 85 kwa hoja hiyohiyo, mdogo aachwe akue na mzazi mkubwa aachwe azae.

Ila kupandisha kipimo kwenye karatasi ni nusu ya kazi. Chukua jarife la kutega, tundu la wavu lina ukubwa wake, samaki wa sentimita 39 anaingiza kichwa, uzi unamkaba nyuma ya matamvua, akirudi nyuma anazidi kunasa, mvuvi anakuja asubuhi kuvuta wavu anamkuta kashakufa. Sheria inasema mrudishe huyo hajafika, anarudishwa kweli, lakini ni mzoga. Kwa hiyo ukibadilisha rula bila kubadilisha tundu la wavu samaki anakufa vilevile, tofauti ni kwamba sasa hakuna hata anayemla. Mtu wa ndoana kwake ni rahisi, anamtoa, anampima, mdogo anarudi majini hai. Hesabu zinazotumika huko ni kwamba katika sibasi 100 wanaoachiwa na watu wa mshipi wanakufa kama watano tu. Hiyo tofauti ya zana mimi naiona nzito kuliko tofauti ya nani ana leseni na nani hana.

Sasa ilifikaje hali ya dharura. Kulikuwa na meli zinazovuta wavu mmoja mkubwa mbilimbili, zinakwenda kwenye mazalia kipindi kilekile samaki wamejazana kuzaa, wanabeba kwa wingi wa kutisha. Uingereza ilikuwa imeshapiga marufuku uvuvi huo ndani ya maili 12 upande wa kusini magharibi, na sababu kubwa hapo ilikuwa pomboo waliokuwa wananasa, lakini nje ya hapo kazi iliendelea. Halafu kuanzia 2008 hivi ikaja miaka mfululizo ambayo watoto waliopona ni wachache, na uvuvi haukupungua. Hayo mawili yakikutana mnajua kinachofuata. Januari 2015 Umoja wa Ulaya ukafunga kwa dharura uvuvi wa trola, yaani huo wa meli kuvuta wavu, kwenye mazalia, na mwaka 2016 ICES, ile taasisi ya wanasayansi wa bahari inayotoa ushauri, ikasema kwa 2017 asivuliwe hata mmoja. Sifuri. Serikali hazikukubali sifuri, wakapunguza tu.

Na hapa ndipo mtu wa mshipi akaingizwa. Zamani alikuwa hahesabiwi, kila mtu anamuona yule na fimbo yake anasumbua nini, lakini Tume ya Ulaya ilipotaja makadirio ikasema vifo vya sibasi kama asilimia 25 vinatokana na uvuvi wa starehe. Robo nzima jamani! Na msishangae, utafiti wa 2012 ulikadiria England peke yake ina watu 884,000 wanaovua baharini kwa starehe, kila mmoja akibeba wawili watatu kwa mwaka tayari ni mlima wa samaki. Lakini utafiti huohuo ukaonyesha wanaingiza kwenye uchumi paundi bilioni 1.23, boti za kukodi, chambo, vyumba vya kulala, petroli, kwa hiyo ukiwafukuza ufukweni unaua na miji midogo ya pwani.

Watu wa mshipi walianza kwa kuambiwa samaki watatu kwa siku, Machi 2015. Mwaka uliofuata nusu mwaka ni kuvua na kuachia, baadaye mmoja kwa siku. Ikaja 2018, mwaka umeanza mtu wa mshipi haruhusiwi hata mmoja, wakati boti ya ndoana inaruhusiwa tani 5 kwa mwaka na boti ya jarife tani 1.2 kwa jina la samaki walionasa kwa bahati mbaya. Mpaka Oktoba ndipo wakaruhusiwa mmoja. Mimi nilikuwa na bado niko upande wa kuwahesabu watu wa mshipi, ila ule mgao ulikuwa wa dhuluma, maana mtu mwenye zana inayoweza kumrudisha samaki hai ndiye aliyebanwa mpaka mwisho, na hiyo bahati mbaya ya tani nzima na zaidi mnielewe tu, mvuvi anajua alipotega.

Kaka pale mbele ameuliza kwa nini wasiwape wa starehe peke yao wakamaliza ugomvi. Ireland walifanya, 1990 wakafunga uvuvi wa kibiashara wa sibasi kabisa, watu wa mshipi wakaachiwa wawili kwa siku na kipindi cha kupumzisha kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Juni. Watalii wanakwenda Ireland kwa ajili hiyo. Lakini kuna kijana Cornwall, kusini magharibi mwa England, anavua kwa ndoana mmoja mmoja, kila samaki anambandika lebo kwenye shavu inayoonyesha boti gani imemvua, mnunuzi akitaka anafuatilia, bei yake nzuri, hadhuru pomboo wala hatupi mizoga. Huyo kumfungia mimi siafiki. Ningeanza na jarife.

Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya viwango hivi vya kuvua vinajadiliwa kila mwaka kati ya pande mbili, na Desemba 2023 ukatoka mpango wa usimamizi wa sibasi kwa England na Wales, wavuvi wa aina zote wakaitwa mezani. Mtu wa mshipi kuanzia 2020 aliruhusiwa wawili kwa siku kwenye msimu.

Dada ameuliza swali zuri, miezi ya kufunga inatosha? Wavuvi wa kazi wanafungiwa Februari na Machi. Shida ni kwamba kuzaa kunaendelea Aprili mpaka Mei, hivyo samaki anayechelewa anakutana na wavu mayai yakiwa bado tumboni. Mimi ningeongeza Aprili, kwa wote, wa boti na wa fimbo, na mwezi huo mvuvi wa kazi afidiwe kwa sababu yeye ndiye anayepoteza mkate. Serikali itauliza hela inatoka wapi, basi leseni ndogo ya kuvua baharini kwa hawa wa starehe, ambao sasa hivi England hawalipi leseni yoyote kuvua baharini, ingesaidia kuchangia. Najua wengi wao hawataki kulisikia hilo, nimeshabishana nao sana.