Msiizibe Kompaila Mdomo

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mlionisikia mwaka jana mnajua nitakachosema, na nitakisema tena, kwa sababu bado naletewa viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux vyenye maelezo ya maneno mawili: "Kuondoa onyo." Onyo gani? Lilikuwa linasemaje? Kimya.

"Mkuu, kompaila ilidai kigeu hakijapewa thamani, nikakipa sifuri." Kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na hutoa onyo ikishuku kosa. Haya, imenyamaza. Lakini kama kweli kuna njia inayofika mwisho bila kigeu kile kujazwa, sasa utarudisha sifuri, na kwenye kerneli sifuri mara nyingi maana yake "imefanikiwa". Diski imeshindwa kusoma, wewe unaiambia programu mambo safi. Kosa liko palepale, ila umemfukuza shahidi.

Turudi Novemba 2003. Msigune, wapo wageni humu. Msimbo rasmi wa Linux ulikuwa kwenye BitKeeper, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, na pembeni palikuwa na nakala kwenye CVS, mfumo mwingine wa aina hiyo, kwa wasioitaka BitKeeper. Mtu akaingia kwenye nakala ile, akapachika mistari miwili ndani ya wait4, wito ambao programu huutumia kusubiri programu nyingine imalize. Ukipitisha macho haraka, ni ukaguzi wa kawaida: ukileta chaguo hizi mbili pamoja, na namba yako ya mtumiaji ikiwa sifuri, urudishiwe kosa. Sasa hesabuni alama za usawa. Kwenye lugha ya C, mbili huuliza "ni sawa?", moja hupachika thamani. Moja! Hakuuliza kama namba ni sifuri, aliifanya iwe sifuri. Anayejua kuita wait4 kwa chaguo zile anageuka root, mtumiaji mkuu mwenye namba sifuri, hapohapo. Na kwa kuwa sifuri ni uongo mbele ya "if", hata lile kosa halirudi.

Kompaila je? GCC, kompaila inayotumika kujenga Linux, hulalamika ikikuta alama moja ya usawa kwenye sharti, isipokuwa ukiizungushia mabano. Mabano inayasoma hivi: mwenyewe amekusudia. Na jamaa alikuwa na mabano yake. Mabano yaleyale mnayoniletea nyie ili onyo linyamaze! Kilichomuumbua ni ukaguzi ulioona nakala hailingani na asili yake.

Sijawaita wezi. (Kicheko.) Nasema mimi ninayekagua saa nne usiku nitajuaje mabano haya ni ya mwizi na haya ni ya mvivu? Andika sababu!

Naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa: kompaila nayo huzusha. Huzusha, sikatai. Mwaka 2020 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alizima -Wmaybe-uninitialized, lile onyo la kigeu kinachoweza kuwa hakijapewa thamani, kwenye ujenzi wa kawaida, GCC 10 ilipozidisha kelele. Ila alizima mahali pamoja, hadharani, kwa maelezo. Hakuzunguka faili kwa faili akimwaga sifuri. Na mwaka huohuo ikang'olewa uninitialized_var, makro (kifupisho cha msimbo) ambayo kazi yake yote ilikuwa kunyamazisha onyo hilo. Umeona, mzee?

Nilitaka pia tuguse case, yaani matawi ya switch, zinazoporomokea case inayofuata, onyo lililowashwa kerneli nzima mwaka 2019, na ugomvi wa 2021 wa CONFIG_WERROR, mpangilio unaogeuza maonyo kuwa makosa, lakini naoneshwa saa, na wa Mbagala wanaiwazia foleni. Someni wenyewe.

Maswali. Wewe wa shati la bluu, simama. Kama ni kuhusu kugeuza aina ya data kwa nguvu ili onyo liondoke, jibu ni hapana, kaa. Anayefuata.