Muulize Muuza Nyama: Steki ya Wapi?

Karibuni, ndugu zangu. Wenye njaa mvumilie, jiko litawashwa nikimaliza.

Bucha zetu nyingi hapa Tanzania zina bei mbili: mchanganyiko, pamoja na mifupa yake, na steki, isiyo na mfupa. Mtu akilipia steki anadhani amenunua ulaini. Wapi! Amelipia kuondolewa mfupa, basi. Steki hiyo yaweza kuwa ya paja, ya bega au ya mgongoni, na hizo haziivi sawa hata siku moja.

Msuli uliofanya kazi hukaza. Ng'ombe wetu hawa wenye nundu wametembea malishoni miaka, wengine wakatembezwa hadi mnadani. Shingo na miguu ndiyo iliyofanya kazi hiyo, nayo imejaa utando. Usiikaange. Ichemshe kwa moto mdogo saa mbili, tatu, utando uyeyukie kwenye mchuzi. Muundi uliopikwa hivyo mimi sibadilishi na fileti ya mtu, wenye hoteli mniwie radhi.

Sarara, ndiyo hiyo fileti, imelala ndani, chini ya uti wa mgongo, karibu na figo. Hufanya kazi kidogo, kwa hiyo ni laini kuliko zote. Ila haina mafuta, na ladha yake ni ya upole. Juu ya uti kuna msuli mrefu unaotoa steki ya mbavuni na ya sirloini, yaani ya kiunoni. Mimi pesa yangu naipeleka huko. Tiboni, steki yenye mfupa wa umbo la T, inakupa sarara na sirloini pamoja: upande mmoja wa mfupa sarara, upande wa pili sirloini. Ukifuata mapishi ya Marekani, angalia: sirloini yao hukatwa nyuma zaidi, nyongani, pale Mwingereza anapopaita rampu.

Na saa ya kuchinja? Ng'ombe huchinjwa usiku, asubuhi yuko ndoanoni. Msuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, kisha hulegea polepole, ndiyo maana hata sarara ya asubuhi hiyo yaweza kukushinda meno. Iweke kwenye friji, si friza, siku mbili. Ikiiva, ikate kwa kukatiza nyuzi.

Nani kauliza papai? Ndiyo, papai bichi hulainisha, lakini nusu saa inatosha. Ukiilaza nyama humo usiku kucha, juu panarojeka na katikati pamebaki vilevile.