Daftari la Kuku na Vifaranga
Mhadhara kwa wazazi na walimu, Busia, Uganda

Wazee wetu, akina mama, walimu, hamjambo. Asanteni kwa kufunga vibanda mapema.

Nimekuja na daftari la hesabu la binti wa miaka tisa. Mama yake ameniruhusu niwaonyeshe. Tazameni: tarehe imeandikwa vizuri, mstari umepigwa kwa rula. Hesabu ya kwanza sahihi, ya pili sahihi. Ya tatu imekatikia kwenye alama ya kujumlisha. Pembeni yake kuna kuku na vifaranga sita, wamechorwa mpaka kucha. Chini, kwa wino mwekundu: mvivu.

Asiyejua kujumlisha angekosa hata ile ya kwanza. Huyu anajua, kilichomshinda ni kubaki pale. Watu husema hana umakini. Anao, waangalieni vifaranga! Asichonacho ni usukani wa kuupeleka anakotakiwa.

Madaktari huiita hali hii ADHD, yaani ubongo kushindwa kuuongoza umakini, na kwa wengine mwili kushindwa kutulia. Si jambo la juzi: George Still aliwaeleza madaktari wenzake watoto wa namna hii huko London mwaka 1902. Hukadiriwa kuwa duniani watoto kama 5 katika 100 wanayo. Sehemu kubwa hurithiwa, kwa hiyo baba unayesema "hata mimi nilikuwa hivyo", hiyo ni habari muhimu, mwambie daktari. Wasichana wengi huchelewa kugunduliwa kwa sababu hawasumbui mtu. Wanakaa kimya, akili imesafiri.

Hapa kwetu kuna swali la kuulizwa mapema: mtoto aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani? Watafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto walionusurika, wakakuta baada ya miaka 2 karibu 1 kati ya 4 ana upungufu wa kiakili, na umakini ndio ulioathirika mara nyingi zaidi. Kisha apimwe masikio na macho. Aangaliwe kifafa kile kisichoangusha, cha kukodoa macho tu sekunde chache. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana nyumbani na shuleni pia.

Sasa fimbo. Sheria ya watoto ilirekebishwa mwaka 2016, viboko shuleni vikakatazwa, na sote tunajua bado vinapigwa. Kaka yangu alichapwa karibu kila asubuhi kwa kusahau kalamu. Hakujifunza kukumbuka kalamu. Alijifunza kupitia porini mpaka kipindi cha mwalimu yule kiishe. Naliongea hili nikiwa na uchungu, nisameheni.

Badala ya fimbo, mwite mtoto jina, asogee, mguse bega, mpe agizo moja: "Leta maji." Akirudi na jerikeni, msifu papo hapo, usingoje jioni, ndipo umpe la pili. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini, mweke mbele, mbali na dirisha, na akianza kuhangaika mtume chaki. Kwa walio chini ya miaka sita tunaanza na njia hizi kabla ya kufikiria dawa.

Dawa ipo, methilifenideti, nayo ni ya kuchangamsha ubongo. Mnauliza, mtoto asiyetulia apewe kichangamshi? Hata daktari Charles Bradley alishangaa kule Marekani mwaka 1937, alipoona watoto waliopewa dawa ya jamii hiyo wakitulia na kusoma. Inachangamsha ile sehemu ya ubongo inayoshika breki. Lakini hupunguza hamu ya kula na huweza kufukuza usingizi, kwa hiyo uzito na mapigo ya moyo hupimwa. Iandikwe na daktari bingwa. Msinunue dukani kwa kukisia.

Na nyinyi watu wazima: miguu hutulia ukikua, usahaulifu haukuachi. Mwenye boda aliyepoteza leseni mara tatu, aliyeanzisha biashara nne na hakumaliza hata moja, naye anatibika, kwa dawa, kwa ushauri, kwa kuandika kila kitu mahali pamoja.

Nitakaa pale chini ya mwembe mpaka giza liingie. Mwenye daftari la mwanawe alilete, tulifungue pamoja.