Siku ya Mwisho Ulaya: Panga Safari Ukianzia Mwisho

Kamwene! Wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni, sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumze na familia zinazojiandaa kwenda Ulaya kutembea. Hapa Iringa jambo hili si geni. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino wapo Tosamaganga tangu 1919, na sharika zetu nyingi zina marafiki Ujerumani. Wapo waliokwisha kwenda, wapo waliopata mwaliko mwaka huu, na wapo wanaodunduliza kidogokidogo ili siku moja waende na watoto.

Ningeweza kueleza mambo ya viza, nauli, baridi na chakula. Leo nimechagua siku moja tu, siku ya mwisho, ile ambayo usiku wake mnapanda ndege. Familia nyingi huiharibu. Baba anapima mabegi kwa mara ya nne, mama amekumbuka kwamba shangazi wa Kihesa hajanunuliwa kitu, watoto wanapigiwa kelele, na wenyeji waliowakaribisha wiki mbili nzima wanaagwa huku teksi ikiunguruma nje. Ombi langu ni hili: mnapokaa mezani kupanga safari, anzeni na siku ya mwisho, kisha rudini nyuma.

Chukueni tiketi. Ulaya wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 10:40, ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, wala si saa kumi jioni. Hiyo wengi tunaijua. Inayotukamata ni 00:25. Ukiona 00:25 tarehe 15, maana yake unakwenda uwanjani jioni ya tarehe 14. Ukilala tarehe 14 ukisema ndege ni kesho, utaamka ndege ilishaondoka. Na anayerudi mwishoni mwa Oktoba aangalie Jumapili ya mwisho ya mwezi: usiku huo Ulaya hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, saa ya ukutani haitajirekebisha.

Baada ya tiketi, fungueni pasi mwangalie viza. Viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ina idadi ya siku za kukaa. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa pia, hata kama mmelala uwanjani tangu alfajiri. Mfumo mpya ulioanza 12 Oktoba 2025 unaingiza tarehe hizo kwenye kompyuta badala ya mhuri, kwa hiyo hakuna tena habari ya mhuri uliofifia. Mkipewa siku 15, msikate tiketi ya siku ya 15. Acheni nafasi. Ndege ikiahirishwa, msiwe mmeshamaliza siku zenu. Na ikichelewa sana, msikae kimya: ipo Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayomlinda kila abiria anayeondokea kwenye viwanja vya Umoja huo, awe Mjerumani au Mhehe, kwa shirika lolote. Mkisubiri muda mrefu mnastahili chakula, na mkilala, mnastahili hoteli. Nendeni kaunta mkaulize kwa heshima, lakini mkaulize.

Sasa siku gani ya wiki? Msicheke, hili ni kubwa. Ujerumani maduka hufungwa Jumapili. Ukiacha manunuzi yako hadi Jumapili, utabaki na vibanda vya stesheni na vya uwanjani, na bei zake mtazikuta huko. Jumatatu nayo makumbusho mengi hufungwa. Kwa hiyo mkiondoka Jumapili, Ijumaa au Jumamosi iwe mwisho wa kununua, na begi lipimwe usiku wa Jumamosi.

Mtanivumilia, kwenye kodi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hela ya familia inapopotea. Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa VAT ya vitu anavyotoka navyo. Ujerumani kodi hiyo ni asilimia 19, na risiti lazima izidi yuro 50. Italia ni asilimia 22, risiti izidi yuro 70. Ufaransa asilimia 20, izidi yuro 100. London msihangaike, Uingereza ilifuta utaratibu huo kwa wageni tangu 2021. Unaomba fomu dukani siku ileile unaponunua, unaonyesha pasi, na kitu kinabaki kipya. Halafu siku ya mwisho fomu inathibitishwa na forodha uwanjani, na afisa ana haki ya kusema: hebu nione hicho kitu. Kama umekwisha kukabidhi begi na linakwenda zake kwenye mkanda, utamwonyesha nini? Hivyo mwambieni mtu wa kaunta mapema kwamba mna vitu vya forodha. Wekeni vitu hivyo pamoja, juu kabisa ndani ya begi moja, fomu ziwe mkononi mwa mtu mmoja. Msitegemee kupata asilimia zote, kampuni zinazorudisha hela hukata ada yao. Lakini kwa familia iliyonunua kompyuta na makoti ya watoto wanne, kinachorudi si haba.

Mkiwa bado na mabegi, betri za akiba za simu zinakaa begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo mkubwa. Na wakulima wangu wa Njombe, Makete na Mufindi, nawaona mmekaa pamoja. Najua mkiona tufaha la kule au kiazi cha kule, mkono unawasha. Msifungashe mbegu wala miche kimyakimya. Kuingiza mimea nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na wenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ugonjwa mmoja wa viazi ukiingia kwa begi lako utazunguka mashamba ya nyanda zote hizi, na jirani yako atalala njaa. Fuateni kibali kabla ya kusafiri. Mifuko ya plastiki ya madukani nayo iacheni hukohuko, kwetu ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Mkishamaliza hayo mapema, siku ya mwisho inabaki wazi, na hapo ndipo nilipotaka tufike. Siku hiyo wapeni watoto, na wapeni wenyeji wenu.

Watoto hawahitaji mambo makubwa. Ujerumani chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25. Mpe mtoto mfuko wa chupa mlizokunywa safari nzima, mpeleke kwenye mashine ya kurudishia pale supamaketi. Anaingiza chupa kwenye tundu, mashine inaizungusha, inasoma alama, inaimeza, namba kwenye kioo inapanda. Mwisho anabonyeza kitufe, karatasi inatoka, anakwenda nayo kwa keshia na kununua mkate wake wa njiani. Amelipa mwenyewe! Kazi hiyo mtaifanya Jumamosi kama safari ni Jumapili.

Mkiondokea Berlin, na siku si Jumatatu, nendeni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Ndani ya ukumbi mkubwa amesimama mjusi wa kale, dinosaria, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, mkoani Lindi, ilipochimbwa kati ya 1909 na 1913. Watu wa kwetu ndio waliochimba, na ndio waliobeba mizigo vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Simameni hapo na watoto wenu muwaambie hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. Mimi naamini mtoto wa Kitanzania ana haki ya kulijua hilo akiwa amesimama palepale.

Mtaniuliza, na Bremen je? Sisi wa Iringa tuna jambo letu Bremen. Mtwa Mkwawa alipofariki 1898, kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulidai fuvu lirudishwe, likakaa miaka mingine 35. Lilipatikana kwenye makumbusho ya Bremen, likarudi 1954, na sasa lipo Kalenga, hapo tu. Makumbusho yale yapo jirani kabisa na stesheni kuu ya treni. Nawasihi mwende, lakini msiende siku ya mwisho kama ndege yenu inaondokea Frankfurt. Ni mwendo wa saa nyingi, na treni huchelewa. Halafu jambo zito kama lile halitazamwi huku mtu akichungulia saa. Lipeni siku yake katikati ya safari, na kabla ya kuondoka hapa wapelekeni watoto Kalenga kwanza.

Wenyeji wenu sasa. Sisi mgeni tunamsindikiza, tena mbali. Kule huenda mkaagwa mlangoni, na hiyo si dharau, ni desturi yao. Basi ninyi fanyeni upande wenu. Usiku wa mwisho ulizeni: mashuka tuyaweke wapi? Ondoeni wenyewe, fagieni chumba, watoto washiriki. Kikapu chenu cha zawadi, kile cha nyasi za milulu, kitoeni siku ya kwanza, kikae mezani muda wote mkiwepo, msikitoe mlangoni kama nauli. Siku ya mwisho kaeni kifungua kinywa kirefu, na kila mtoto aseme shukrani yake kwa mdomo wake, hata kwa maneno matatu. Mkipanga kuondoka saa nane mchana, kufikia saa mbili asubuhi mabegi yawe yamefungwa, ili saa zote hizo ziwe za watu.

La mwisho ni huku kwetu. Safari haiishii Dar es Salaam. Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na ndege nyingi za Ulaya zinatua usiku. Msimwambie mjomba atoke Iringa asubuhi na gari, awasubiri uwanjani hadi usiku, kisha ageuze aupande mlima Kitonga alfajiri na watoto wamelala nyuma. Laleni Dar, mpande basi Mbezi kesho yake kukiwa kumekucha. Gharama ya chumba hicho iingizeni kwenye bajeti leo, kabla hamjanunua hata sanduku.

Basi, wenye tiketi mkononi njooni hapa mezani. Tutazisoma moja moja, saa ya kuondoka, tarehe yake, na siku zilizo kwenye viza, na asiye na tiketi bado aje na kalenda tumchagulie siku ya kurudi.