Mbunge wetu wa Texas, bastola ya kuazima na viza ya mama yangu

Haloo, haloo. Mnanisikia? Samahani kwa giza, niko ndani ya gari, nimeegesha nje ya kazini. Zamu yangu inaanza saa tano usiku, nina kama dakika ishirini hivi. Leo hakuna bei za maharage wala unga wa sembe. Leo najibu swali moja, maana nimelikwepa mpaka mmeanza kunitania.

Tangu nilivyoropoka kwenye ile video ya mafuriko kwamba mbunge wa huku kwetu hanifurahishi, kila nikifungua simu ni lile lile: "Dada, huyo mbunge mwenye kiraka jichoni kakukosea nini?" Mwingine: "Wewe mbeba maboksi, siasa za wenye nchi zinakuhusu nini?" Na kuna kaka mmoja, huyo hachoki: "Kama pabaya, rudi."

Kaka, sijasema pabaya. Nikionyesha jiko jipya mnasema najishaua, nikisema kitu kinaniuma mnasema nalialia. Sasa nifanyeje, niwe naonyesha dari? Mimi si raia bado, kura sipigi. Ila kodi inakatwa kila wiki mbili kabla sijaiona hela yenyewe, na huyu bwana alichaguliwa kwenda bungeni, huku Marekani, kwa niaba ya watu wa eneo hili, nikiwemo. Kwa hiyo nitasema, na niseme kwa adabu.

Anaitwa Dan Crenshaw. Alichaguliwa kuwakilisha jimbo la uchaguzi namba 2 la Texas, huku kaskazini mwa Houston: Kingwood, Atascocita, mpaka The Woodlands. Aliingia Januari 2019. Jicho alilipoteza Afghanistan mwaka 2012, mkoa wa Helmand, akiwa komando wa jeshi la majini. Mkalimani wake Mwafghani ndiye aliyekanyaga lile bomu, akafa. Hilo silifanyii mzaha, na anayekuja hapa kukicheka kiraka namfuta. Ninayoyalaumu ni maamuzi yake.

Tuanze na bunduki. Texas tangu Septemba 2021 mtu mzima kuanzia miaka 21, kama sheria haimzuii kumiliki silaha, anatembea na bastola kiunoni bila kibali. Ukinunua dukani unajaza fomu, jina lako linapitishwa kwenye mfumo, wanaangalia kama umewahi kufungwa na mengine. Ukinunua kwa mtu binafsi, mmekutana tu kwenye maegesho, hakuna fomu. Unatoa hela, unapewa. Nyumbani mtu akitaka bastola anaanza serikali ya mtaa, aende polisi, afike kwenye kamati ya ulinzi na usalama, mpaka wengine hamu inaisha wananunua mbwa.

Februari 2019 Baraza la Wawakilishi, ndiko alikokuwa yeye, lilipitisha muswada wa kuziba hilo pengo, kwamba hata mtu na mtu wakiuziana, mnunuzi achunguzwe. Ulipita kwa kura 240 kwa 190, Crenshaw akiwa upande wa waliokataa, na Seneti, lile baraza la juu, wakaulalia. Agosti 31 mwaka huo huo, kule Midland na Odessa, huku huku Texas, mtu mmoja akaua watu 7. Mwaka 2014 alikuwa amekataliwa dukani kwa sababu alishindwa ule ukaguzi. Bunduki akaja kuipata kwa muuzaji binafsi. Yaani ule muswada ulikuwa unamzungumzia yeye.

Siku chache baadaye mbunge wetu akaandika mtandaoni kwamba sheria kama hiyo ingemzuia kuwaazima rafiki zake bastola wanaposafiri peke yao. Nataka niwe mkweli: hakudanganya moja kwa moja. Ule muswada ulikuwa na nafasi za ndugu kupeana, za uwindaji, za mtu aliye kwenye hatari ya papo hapo, lakini kumkopesha rafiki kwa ajili ya safari haikuwemo. Ana hoja. Ila jamani, wiki ambayo watu wanazika, wewe unawaza kuazimana?

Halafu hapa ndipo nilipoanza kumkasirikia hasa. Mwanzoni mwa Agosti hiyo hiyo, baada ya yule kijana kuua watu dukani El Paso, Crenshaw mwenyewe alisema labda zijaribiwe zile wanazoziita sheria za bendera nyekundu. Maana yake, ndugu wa mtu au polisi wanaona mtu anatishia kuua, wanaenda kwa hakimu, silaha zake zinawekwa pembeni kwa muda. Wapenzi wa bunduki wakamjia juu. Mei 24, 2022 yakatokea ya Uvalde, mji mdogo wa huku huku Texas: watoto 19 na walimu wawili wakauawa shuleni kwa risasi. Muuaji ana miaka 18, kanunua bunduki zake kihalali, siku chache baada ya siku yake ya kuzaliwa. Safari hii mbunge anaulizwa kwenye televisheni, anasema hiyo ni kumtekelezea mtu sheria kabla hajavunja sheria, na ni jambo gumu sana.

Lishikeni hilo neno. Kabla hajavunja sheria. Nitalirudia.

Mwezi uliofuata ikaja sheria ndogo tu, ya maridhiano ya vyama viwili, moja ya mambo yake ni kuwachunguza zaidi wanunuzi walio chini ya miaka 21. Kwenye Baraza la Wawakilishi ilipita 234 kwa 193. Humo, mbunge wa Texas wa chama chake cha Republican aliyeiunga mkono alikuwa mmoja tu, Tony Gonzales, ambaye Uvalde ilikuwa jimboni kwake. Wetu alikataa.

Sasa twende vitani. Wiki mbili kabla ya Uvalde, bwana huyu alipiga kura ya ndiyo kwa msaada wa Ukraine wa dola bilioni 40 hivi. Kuisaidia Ukraine siwezi kumlaumu, walivamiwa. Kilichonikaa kooni ni namna alivyojitetea: kwamba kuwekeza katika kuliangamiza jeshi la adui bila kumpoteza hata askari mmoja wa Marekani ni wazo zuri. Kuwekeza! Kama kiwanja Kigamboni. Wanaokufa hapo ni wavulana wa Kiukraine, nao wana mama zao. Mkuki kwa nguruwe.

Na Januari 2023, yeye na mwenzake Mike Waltz wakapeleka pendekezo la kumruhusu Rais atumie jeshi dhidi ya magenge ya dawa za kulevya ya Mexico. Najua mtaniambia hizo dawa zinaua. Zinaua kweli. Lakini sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuogopa ruhusa za namna hiyo.

Ile ruhusa ya kutumia jeshi ya 2001, baada ya Septemba 11, sentensi yake kuu ilikuwa na maneno 60 tu. Ilipita Baraza la Wawakilishi kura 420 kwa 1, aliyekataa ni mama mmoja wa California, Barbara Lee, akatukanwa na kutishiwa maisha. Ilihusu waliofanya shambulio lile na waliowahifadhi. Wakati huo al-Shabaab hawajazaliwa! Kufika 2016 serikali ya Obama ikasema al-Shabaab nao wamo humo humo. Januari 5, 2020 al-Shabaab wakavamia kambi ya Manda, Lamu yetu ile, Wamarekani watatu wakafa. Maneno 60 yaliyoandikwa Washington yalitembea miaka karibu 20 mpaka kwenye mikoko ya Lamu. Na msinifundishe ubaya wa magaidi, mwaka 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa pale Dar nilikuwa darasa la tano, naukumbuka ule mshindo. Nasema tu ruhusa ya vita ikishatoka mkononi hairudi.

Ndiyo maana nikawaambia mlishike lile neno. Kijana wa Texas anayetishia watu asiguswe kabla hajavunja sheria. Kijijini Mexico ndege ya kivita ije kwanza, maswali baadaye. Msamaha wa kutokuulizwa unatolewa kwa watu wa aina fulani tu, na mimi na nyinyi hatumo.

Nimejuaje? Mama yangu.

Mama ana miaka 67, yuko Tanga. Alitaka kuja kumwona mjukuu, miezi miwili, arudi. Mara ya kwanza ada ya viza dola 160, mara ya pili imepanda 185, na hizo ukinyimwa hazirudi. Weka nauli ya basi mpaka Dar, weka kulala kwa watu, weka passport, weka kijana wa stationery aliyemjazia fomu kwa elfu thelathini na akakosea tarehe yangu ya kuzaliwa. Kwenye fomu wanataka akaunti zako za mitandao za miaka mitano. Wanauliza kama una utaalamu au mafunzo ya silaha, milipuko, mambo ya nyuklia. Mama akanipigia: "Mwanangu, jembe nalo ni silaha?"

Mara zote mbili amenyimwa, hata dakika tatu dirishani hazikufika. Eti hajaonyesha vya kutosha kwamba atarudi. Mama ana minazi, ana mbuzi, na ni mhazini wa kikoba! Nani anakimbia kikoba na funguo ya sanduku anayo yeye? Yaani yeye wamemtilia shaka kabla hajavunja sheria, na mbunge wetu sijamsikia akilia.

Nisiseme sana, na mimi mwenyewe nahesabu siku. Ombi la uraia tangu Aprili 2024 ni dola 710 ukijaza mtandaoni, 760 ukituma karatasi, nazo nazidunduliza.

Sasa kwa wanaouliza kama nimenunua bastola. Sijanunua. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, lakini wewe wa viza ya shule au ya kutembea, usiende dukani kujaribu bahati, kwa kawaida sheria ya shirikisho inakukataza na ukidanganya kwenye ile fomu umejiharibia kabisa. Muulize mwanasheria, usiniulize mimi, mimi nageuza wazee vitandani. Wapo Waswahili wenzangu hapa wanazo, wanalala nazo, na sijawakataza. Kila mtu na hofu yake.

Ila niwape hii, halafu nishuke. Mwezi uliopita jirani yangu, mzee mstaafu, mtu mwema sana, ananikatia nyasi bila kuombwa, ananiona natoka usiku peke yangu. Akanifuata na kiboksi cha viatu. Ndani bastola. Akasema chukua, ukipata yako utanirudishia. Hata jina langu la ukoo halijui, miaka minne ananiita Asha, na mimi siitwi Asha.

Nilimshukuru, nikamrudishia kiboksi chake. Usiku ule nikamsimulia mama kwenye simu. Akanyamaza kidogo.

"Hakukuuliza chochote?"

"Chochote, mama."

"Basi mwanangu huyo mzee ndiye angekaa pale dirishani. Mimi ningekuwa nishafika."