Saratani ya utumbo mpana na mishipa ya limfu

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mwaka 1622 tabibu mmoja wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula. Akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa kwenye utando unaoshikilia utumbo. Alidhani ni neva, mpaka alipozichoma zikatoa majimaji meupe. Ilikuwa mishipa ya limfu.

Mishipa hii hukusanya maji yaliyovuja kutoka kwenye damu, huyapitisha kwenye tezi, zile ambazo zikivimba mnasema mtu ana mitoki, kisha huyarudisha kwenye damu. Kuta zake ni nyembamba na seli zake hazikubanana sana, kwa hiyo seli ya saratani ikifika hapo hupenya bila taabu kubwa.

Utumbo mpana una bahati moja. Utando wake wa ndani kabisa karibu hauna mishipa hiyo. Michache iliyopo iko chini, kwenye mpaka wa utando huo na tabaka linalofuata. Ndiyo sababu kijinyama ambacho saratani yake haijavuka mpaka huo hutolewa kwa kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa utumboni kupitia njia ya haja kubwa, mambo yakaisha. Ikishavuka, hali hubadilika.

Na saratani haingoji kuikuta njia. Uvimbe, pamoja na seli za kinga zilizouzunguka, hutoa protini iitwayo VEGF-C, ambayo kundi la mtafiti Kari Alitalo wa Helsinki, Ufini, liliieleza mwaka 1996. Protini hiyo hushika kipokezi kiitwacho VEGFR-3 kwenye mishipa ya limfu, nayo mishipa huchipua. Inayochipua katikati ya uvimbe hubanwa ikasinyaa. Mimi naiogopa ya pembezoni: imefunguka, inafanya kazi.

Tangu daktari Cuthbert Dukes wa London apange hatua za ugonjwa huu mwaka 1932, tezi zenye saratani zimekuwa dalili mbaya. Hadi leo tunataka tezi zisizopungua 12 zipimwe baada ya upasuaji. Wengi tulielewa hivi: saratani hutoka utumboni, hulala kwenye tezi, kisha huenda kwenye ini. Mwaka 2017 mtafiti Kamila Naxerova na wenzake walilinganisha DNA za uvimbe mbalimbali ndani ya mgonjwa mmoja mmoja. Katika asilimia 65 ya wagonjwa, saratani ya kwenye tezi na ile ya mbali zilitokana na vizazi tofauti vya seli za uvimbe wa kwanza. Wagonjwa walikuwa 17 tu, msiifanye sheria. Lakini inaingia akilini, maana damu ya utumbo huenda moja kwa moja kwenye ini.

Ndugu wa mgonjwa huuliza: “Daktari, si mmeshazitoa tezi, kemo ya nini tena?” Tezi zimetuambia kwamba uvimbe huu unajua kusafiri. Seli zilizokwisha kupita kwenye damu kisu hakizifikii. Dawa inaweza kuzifikia.