Yule Kijana wa Kwenye Kochi: Tunautazama Upya Msimu wa 6 wa Saturday Night Live

MJOMBA: Karibuni tena. Ni sisi wawili kama kawaida, mjomba na mpwa wake, na leo mpwa amekuja amenuna.

MPWA: Shikamoo mjomba. Sijanuna, nimechoka. Aliyesema tuutazame msimu huu wote, vipindi 13, ni wewe.

MJOMBA: Marahaba. Hebu waambie wasikilizaji ulinitumia ujumbe gani ulipofika cha nne.

MPWA: Niliandika, "Mjomba, nimekukosea nini?"

MJOMBA: (anacheka) Basi kwa ambaye haijui habari hii. Saturday Night Live ni kipindi cha televisheni cha vipande vifupi vya vichekesho, kilianza 1975 chini ya Lorne Michaels. Jumamosi saa tano na nusu usiku, dakika 90, mubashara kutoka Studio 8H ya NBC, New York. Baada ya misimu mitano, mwaka 1980, Michaels akaondoka. Waigizaji wakaondoka, na waandishi nao wakaondoka. NBC wakamkabidhi kipindi Jean Doumanian, ambaye alikuwa mmoja wa watayarishaji wasaidizi, wakampa miezi michache tu atafute watu wapya wote.

MPWA: Na hapo naomba niseme neno kabla hatujaanza kuchinja. Mama wa watu amerithi nyumba yenye jina kubwa, anaingia anakuta wamebeba mpaka milango. Lawama nyingi zinazomwangukia zingemwangukia yeyote.

MJOMBA: Nyingi, sawa. Zote, hapana.

MPWA: Zote hapana. Ule mwanzo ni wake.

MJOMBA: Tuuseme. Tarehe 15 Novemba 1980. Elliott Gould ndiye mgeni wa kuongoza kipindi. Anaamka kitandani, kumbe kitanda kimejaa waigizaji wapya. Wanaanza kujitambulisha, na wanajitambulisha kwa majina ya waliotangulia! Charles Rocket anasema yeye ni kama mchanganyiko wa Chevy Chase na Bill Murray.

MPWA: Najua ni utani. Lakini mjomba, mimi ni mtazamaji, nimekaa mwenyewe kimya nikiwa tayari kuwapokea wageni. Wewe ndiye unayenikumbusha kwamba niliowapenda hawapo. Tena kabla sijacheka hata mara moja.

MJOMBA: Ni kama kuingia ukweni unamtaja mume wa kwanza.

MPWA: Na unamsifu! Baada ya hapo kila nilipomtazama Rocket nilikuwa nampima. Chevy huyo? Murray huyo? Hakuna binadamu anayeweza kuchekesha huku anapimwa.

MJOMBA: Ngoja, hapo kwa Rocket nina jambo. Nilipoutazama msimu huu zamani nilimchukia. Mrefu, mtanashati, anakaa kwenye meza ya Weekend Update anasoma habari za utani na lile tabasamu la mtu anayejua kamera iko wapi. Safari hii nimezitazama tena zile Rocket Report zake, anapotoka nje na maikrofoni kuongea na wapita njia. Umeziona?

MPWA: Nimeziona. Ni mtu mwingine kabisa.

MJOMBA: Mtu mwingine! Anamsogelea mpita njia, anauliza swali la kipuuzi kwa uso mkavu, halafu anasubiri. Anajua kusubiri. Ukimrudisha studio, akiwa ndani ya suti ya Chevy Chase, hasubiri tena. Anakimbilia kicheko, na kicheko kinamkimbia.

MPWA: Nimeipenda hiyo. Basi na mimi niseme kilichonikera kuliko vyote, na si waigizaji. Vipande havina mkia.

MJOMBA: Fafanua.

MPWA: Kipande kinaanza na wazo. Wakati mwingine wazo zuri. Dakika ya kwanza unalielewa, ya pili linarudiwa, ya tatu linarudiwa kwa sauti kubwa zaidi, halafu taa. Watu wanapiga makofi kwa sababu wamejua kimekwisha. Nilianza kuhesabu vipande vinavyofika mwisho vikiwa na jambo jipya, ambalo hukulijua mwanzoni. Nikaacha kuhesabu, maana nilikuwa najiumiza.

MJOMBA: Utetezi wangu ni kwamba hata ile misimu mitano ya kwanza ina vipande kibao visivyo na mkia.

MPWA: Kweli, lakini kule kuna mtu wa kukuvusha. John Belushi akiinua nyusi unasahau kwamba mwandishi amekwama. Huku ukiwapa wageni maandishi yaliyokwama, nao watakwama, na wote tunaona.

MJOMBA: Katika wageni hao, Gail Matthius umemwonaje?

MPWA: Yule Vickie wake, binti wa kutafuna maneno, akiwa na Denny Dillon pembeni, ni mzuri. Wale wawili wanasikilizana. Joe Piscopo naye na yale matangazo yake ya michezo, sentensi za neno moja moja kama mtu anayepiga misumari, unaona kabisa huyu amekuja na kitu chake kutoka nyumbani. Ann Risley simkumbuki, na kutomkumbuka kwangu nawadai waandishi.

MJOMBA: Gilbert Gottfried?

MPWA: Mjomba usinianzishe.

MJOMBA: Anza tu.

MPWA: Watu wanamjua Gottfried kwa ile sauti ya kukwaruza, yule kasuku Iago wa filamu ya Aladdin ya 1992. Humu bado sauti ile haipo, hata macho bado hajayakunja. Ni kijana mwembamba anayesubiri aambiwe afanye nini. Basi kuna kipande cha mazishi. Mpiga kinanda wa uwanja wa michezo ameitwa kupiga muziki kwenye mazishi, na anapiga zilezile nyimbo za kuwasha mashabiki. Unajua Gottfried ni nani humo?

MJOMBA: Maiti.

MPWA: Maiti! Umemwajiri Gilbert Gottfried, halafu umemlaza kwenye jeneza na kumwambia asitikisike. Nilisimamisha picha nikamtazama. Amefumba macho, ametulia tuli. Anaifanya kazi yake vizuri, maskini.

MJOMBA: Yeye mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba hapo ndipo alipofika chini kabisa.

MPWA: Namwamini.

MJOMBA: Sasa tusogee kwa kijana wangu. Maana huyo ndiye aliyenirudisha kwenye msimu huu. Tarehe 22 Novemba 1980, kipindi cha pili tu. Kuna kipande wanaigiza kipindi cha uchunguzi, wanamtafuta Mmarekani mweusi aliye mfuasi wa chama cha Republican, kama vile anatafutwa mnyama adimu. Kuna hafla, watu wana glasi mikononi. Na kwenye kochi kuna kijana wa miaka 19 hana neno hata moja la kusema.

MPWA: Eddie Murphy.

MJOMBA: Eddie Murphy, amewekwa kujaza nafasi. Kochi lina mtu ambaye muda si mrefu ataibeba hiyo programu mgongoni, na kamera inampita kama inavyompita mto wa kochi.

MPWA: Na kuajiriwa kwenyewe kulikuwa kwa mbinde. Inasimuliwa kwamba Doumanian alikuwa amemwelekea Robert Townsend, na Neil Levy, aliyeshughulikia kutafuta vipaji, ndiye aliyempigania Murphy.

MJOMBA: Wiki mbili baada ya lile kochi, tarehe 6 Desemba, wanampa dakika moja hivi kwenye Weekend Update. Anaigiza Raheem Abdul Muhammad. Habari yenyewe ni kuhusu Cleveland, amri kwamba timu za mpira wa kikapu za sekondari ziwe na angalau wachezaji wawili wazungu. Analalamika: kila tukipata kitu chetu kizuri mnakuja kukichukua, viatu vya soli nene mlichukua, nywele za kusuka mlichukua. Na sasa tunaishi kwa msaada wa serikali, mwakani mtaona, na huo pia mtautaka!

MPWA: Unajua nilichokiona mimi? Ukumbi. Kwa vipindi viwili ukumbi umekuwa unacheka kwa adabu, kama watu walioalikwa. Akifika kwenye viatu, kicheko kinabadilika. Kinatoka chini. Niliinua kichwa kutoka kwenye simu.

MJOMBA: Ulikuwa kwenye simu?

MPWA: Mjomba, kilikuwa kipindi cha tatu.

MJOMBA: Haya, nimekusamehe. Halafu Januari 10, 1981, kipindi kinakaribia kuisha wanagundua muda umebaki. Mubashara hiyo, huwezi kuwaonyesha watu ukuta mtupu. Wanamtuma yule kijana asimame peke yake ajaze dakika zilizobaki. Hana vazi la kuigizia, hana pambo. Anapiga vichekesho vyake alivyovitumia kwenye usaili.

MPWA: Hapo ndipo nilipokasirika kabisa, kwa sababu dakika hizo ambazo hazikupangwa zimekaa vizuri kuliko zilizopangwa. Ina maana ndani ya jengo lilelile, tangu Novemba, jibu lilikuwepo, na kila Jumatatu waandishi walikuwa wanakaa wanaandika vitu vingine.

MJOMBA: Ndiyo maana nasema lawama zote haziwezi kwenda kwa NBC. Hakuna bosi wa juu aliyemkataza mtayarishaji kutazama kochi lake mwenyewe.

MPWA: (kimya) Haya. Hiyo umenishinda.

MJOMBA: Andikeni tarehe.

MPWA: Lakini nami nina Februari 21. Mgeni ni Charlene Tilton wa tamthilia ya Dallas, na kipindi kizima wanafanyia mzaha lile fumbo la tamthilia hiyo, nani alimpiga risasi mhusika J.R. Anayepigwa risasi ni Rocket. Mwishoni wote wamesimama jukwaani kuaga, Rocket yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaulizwa anajisikiaje. Anajibu kwamba angependa kujua nani amemfanyia hivyo, na katikati ya sentensi anatia lile tusi kubwa la Kiingereza. Mubashara, nchi nzima.

MJOMBA: Watu wanalikumbuka tusi tu.

MPWA: Wanalikumbuka tusi, na wanasahau kwamba usiku uleule Murphy alicheza kwa mara ya kwanza Mr. Robinson's Neighborhood, kipande cha mzaha ambamo yeye ni mtangazaji wa kipindi cha watoto, sauti laini, anavaa sweta taratibu, na nyumba aliyomo ni ya kubomoka. Tena Prince alipiga muziki! Usiku mmoja una kila kitu, na kilichobaki kichwani mwa watu ni neno moja.

MJOMBA: Umeutazama uso wa Rocket baada ya kulisema?

MPWA: Mara tatu. Anaonekana kama mtu ambaye hajui kama amelisema kwa sauti.

MJOMBA: Machi 7 Bill Murray anakuja kuongoza, anawatia moyo waigizaji wapya kwenye kipande cha mwanzo, na hicho ndicho kinakuwa cha mwisho kwa Doumanian. Vipindi 12. Anaingia Dick Ebersol, mtayarishaji mpya, anawatoa Rocket, Risley na Gottfried, anatengeneza kipindi kimoja tu, Aprili 11, halafu mgomo wa waandishi unafunga msimu. Walipoanza upya, waliobaki katika wale wa Doumanian walikuwa wawili, Piscopo na Murphy.

MPWA: Cha Ebersol sikukipenda, kwa taarifa yako. Wamemrudisha Chevy Chase mezani pa Weekend Update. Tumezunguka kote huko tukarudi kwenye kile kitanda cha Gould.

MJOMBA: Sasa kwa msikilizaji mwenye jioni moja tu. Atazame kipi?

MPWA: Februari 21, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka.

MJOMBA: Mimi nampeleka Novemba 22, kile kipande cha hafla. Aondoe sauti kabisa, atazame kochi.

MPWA: Mjomba, umemwambia mtu atazame vichekesho bila sauti.

MJOMBA: Kwa kipande kile hatapoteza kitu.